Mechi ikianza, fundi akae jukwaani

Mtaani kwetu kuna kibanda cha gemu. Siku moja mwenye kibanda aliandaa mashindano ya gemu la mpira: vijana 16, kiingilio Sh3,000 kila mmoja, bingwa anaondoka na Sh30,000. Mimi nilitolewa raundi ya kwanza tu, tena na dogo wa kidato cha pili. Nikabaki shabiki.

Nusu fainali zilipigwa Jumamosi. Usiku mashine ikaachwa imeunganishwa na intaneti, gemu likajisasisha lenyewe. Jumapili yule dogo anakaa kwenye fainali, anachagua timu ile ile iliyomfikisha pale, anakuta straika wake kapunguzwa kasi na mabeki wa mpinzani wamepandishwa viwango. Akaweka pedi mezani.

"Kaka, mimi sijafika fainali na timu hii," akamwambia mwenye kibanda.

Kibanda kikalipuka. Wapo waliosema acheze hivyo hivyo, mbona na mwenzake gemu ni lile lile? Wapo waliosema fainali iahirishwe. Mwenye kibanda yeye akawa anajitetea tu kwamba hajagusa kitu, programu imejisasisha yenyewe.

Nimeikumbuka ile siku kwa sababu nimekuwa nikifuatilia mchezo mwingine wenye ugomvi huo huo, ila wa wakubwa. Ni sataranji ya kompyuta kwa kompyuta. Ndiyo, kuna mashindano ambayo hakuna binadamu anayecheza. Programu moja inakutana na nyingine, waliozitengeneza wamekaa pembeni roho juu, na mashabiki wanafuatilia mtandaoni usiku na mchana.

Utasema, mwandishi wa mpira na sataranji wapi na wapi? Subiri kidogo. Swali linalowagombanisha wale watu ni swali letu kabisa: mashindano yakishaanza, je, ni haki timu moja kuruhusiwa kubadilisha kikosi chake katikati, tena usiku, wakati wengine wamelala?

Kisa maarufu zaidi ni cha mwaka 1997, New York. Bingwa wa dunia Garry Kasparov alikutana na kompyuta ya kampuni ya IBM iliyoitwa Deep Blue. Mwaka mmoja kabla, Februari 1996 pale Philadelphia, Kasparov aliichapa 4-2. IBM wakarudi maabara, wakaiongezea nguvu, na Mei 1997 wakarudi na mashine yenye uwezo wa kupima nafasi milioni 200 kwa sekunde moja. Michezo ilikuwa sita.

Mchezo wa kwanza Kasparov alishinda. Lakini karibu na mwisho mashine ilicheza mtindo wa ajabu, ikasogeza ngome mahali ambapo hapakuwa na faida yoyote. Miaka baadaye, Murray Campbell, mmoja wa waliotengeneza Deep Blue, alieleza kuwa ile ilikuwa hitilafu tu ya programu. Mashine ilikwama, ikachagua kete ovyo.

Mchezo wa pili mashine ikageuka. Ilikataa kula kete za bure ambazo kompyuta zote za wakati ule zingezikimbilia, ikabana taratibu kama beki mzee anayejua kazi yake. Kasparov akakata tamaa, akasalimu amri. Baadaye ikabainika kwamba pale aliposalimu amri palikuwa na njia ya kupata sare! Mtu mzima, bingwa wa dunia, kaondoka uwanjani wakati mechi bado haijaisha.

Kasparov alipoulizwa na waandishi kuhusu mchezo ule, alitaja mpira. Aliufananisha na lile bao la mkono la Diego Maradona dhidi ya England kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia 1986. Alikuwa anamaanisha kwamba haamini kama ile ilikuwa mashine peke yake. Akataka aonyeshwe kumbukumbu za ndani za kompyuta. Hakupewa wakati ule. IBM walikuja kuziweka mtandaoni baadaye, mechi ikiwa imeshaisha.

Michezo mitatu iliyofuata ilikuwa sare. Wa sita Kasparov alipigwa kwa hatua 19 tu. Matokeo ya jumla: Deep Blue 3.5, Kasparov 2.5. Akaomba mechi ya marudiano, IBM hawakutaka.

Sasa hapa ndipo penye hoja. Kanuni za mechi ile ziliruhusu mafundi wa IBM kubadilisha programu kati ya mchezo na mchezo. Wenyewe walisema waliitumia nafasi hiyo kuziba mapengo yaliyokuwa yanaonekana. Nyuma yao walikuwa na mabingwa wa sataranji kama Joel Benjamin wakiwasaidia. Kwa hiyo hakuna aliyevunja kanuni. Je, ilikuwa haki?

Wanaotetea wana hoja, na tusiwadharau. Wanasema Kasparov naye baada ya kila mchezo alirudi hotelini, akakaa na wasaidizi wake, akatafuta mbinu mpya. Binadamu anajifunza usiku. Kompyuta ya mwaka 1997 haikuweza kujifunza yenyewe, sasa ukiwakataza mafundi wake wasiiguse, umeifunga mikono. Ni sawa na kumwambia kocha kwamba mapumziko yakifika asiingie chumbani kuongea na wachezaji.

Mimi hoja hiyo naikubali nusu. Mechi ya wawili, huyu kwa huyu, inaweza kubeba mabadiliko kwa sababu ukibadilika wewe, anayeumia au kufaidika ni mmoja tu, na yeye pia ana usiku wake wa kujipanga. Tatizo la New York lilikuwa lingine. IBM walikuwa na michezo ya Kasparov ya miaka yote. Kasparov aliomba michezo ambayo Deep Blue ilicheza kwenye maandalizi, akanyimwa. Halafu mashine yenyewe inafunguliwa usiku na hakuna refa aliyesimama pale kuona nini kimewekwa na nini kimetolewa.

Unapofanya kitu kihalali lakini gizani, usishangae watu wakiona mkono wa Maradona.

Sasa tuache mechi ya wawili, twende kwenye ligi. Huku mambo ni magumu zaidi.

Mashindano yanayotazamwa sana siku hizi yanaitwa TCEC, yalianza mwaka 2010. Yana madaraja kama ligi zetu, kupanda na kushuka, na juu kabisa kuna fainali ya michezo 100 kati ya programu mbili bora. Programu hizi wenyewe wanaziita injini. Mashine za kuchezea zinatolewa na waandaaji, kwa hiyo hakuna anayekuja na kompyuta kubwa kutoka kwao.

Kwenye daraja la injini nane, kila moja ikikutana na nyingine mara nne, kila injini inacheza michezo 28. Sasa piga hesabu na mimi. Tuseme fundi mmoja anaruhusiwa kuweka toleo jipya baada ya mchezo wa 10. Wapinzani watatu watakuwa wamekutana na toleo la zamani mara mbili, na watakutana na jipya mara mbili. Wapinzani wanne watakuwa wamekutana na la zamani mara moja tu, na jipya watalikuta mara tatu.

Kama toleo jipya ni kali zaidi, wale wanne wameonewa. Hawajafanya kosa lolote. Ratiba tu imewaweka pabaya.

Shabiki wa Ligi Kuu Bara hii anaijua kwa jina jingine: viporo. Timu ina mechi zake hazijachezwa, dirisha dogo linafunguliwa, inasajili straika wa maana, halafu inarudi kucheza viporo ikiwa na mtu ambaye hakuwepo siku mechi ilipopangwa. Wapinzani wengine wa mzunguko ule ule walishakutana na timu butu. Kelele zinazopigwa vijiweni kila Januari unazijua, sihitaji kukusimulia.

Lakini hata hapo mpira una kinga yake. Dirisha lina tarehe ya kufunguliwa na ya kufungwa, zinajulikana mapema, na ni zile zile kwa timu zote 16. Aliye na fedha na asiye na fedha, saa yao ni moja. Ukichelewa dakika tano mfumo umefungwa, utasubiri.

TCEC kwa sehemu kubwa wamefuata njia hiyo, na nawapongeza. Toleo jipya unaleta kabla ya hatua kuanza. Hatua ikianza hakuna kugusa, isipokuwa kama kuna hitilafu kubwa, kwa mfano injini inajizima yenyewe katikati ya mchezo. Hatua ikiisha mnaruhusiwa tena. Ni kama VAR kwenye AFCON ya 2019 pale Misri. Hatua ya makundi, ambako Taifa Stars na Harambee Stars walicheza, haikuwepo. Ilianza robo fainali, kwa timu zote nane zilizobaki, kwa pamoja. Unaweza kulalamika kwamba ingeanza mapema. Huwezi kulalamika kwamba wewe ulichezeshwa bila VAR halafu jirani yako kwenye robo fainali ile ile akawa nayo.

Na mfumo huu haujazuia maendeleo, kama wengine wanavyodai. Mtazame Leela Chess Zero, injini inayojifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe. Mwaka 2018 iliingia TCEC msimu wa 12 kwenye daraja la chini kabisa, la nne. Ikachapwa vibaya. Katika michezo 28 ilishinda mmoja na kutoka sare miwili, mingine yote ilipoteza. Mtu angesema hii timu ivunjwe.

Msimu uliofuata ilirudi na toleo jipya, ikashinda daraja lile. Februari 2019 ilikuwa kwenye fainali ya msimu wa 14 dhidi ya Stockfish, vigogo wenyewe, na ikafungwa 50.5-49.5. Msimu wa 15 ikalipa kisasi kwa 53.5-46.5 na kubeba ubingwa. Kupanda kote huko kulifanyika kwa madirisha ya wazi.

Stockfish nao hawakulala. Mwaka 2020 walibadilisha namna programu yao inavyopima nafasi, wakaingiza mtandao wa neva, teknolojia iliyotoka kwenye sataranji ya Kijapani, shogi. Toleo la 12 lilitoka Septemba mwaka huo. Ule ulikuwa usajili wa kutikisa ligi. Ingekuwaje kama wangeruhusiwa kuuingiza katikati ya fainali, mchezo wa 60, wakiwa nyuma kwa pointi mbili?

Turudi kwenye ile 50.5-49.5. Michezo 100, sare 81, ushindi 10 kwa 9. Ubingwa umeamuliwa na mchezo mmoja. Kwa tofauti nyembamba hivyo, marekebisho madogo sana, mstari mmoja tu wa programu, yanatosha kuhamisha kombe kutoka kabati moja kwenda jingine. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "ni apdeti ndogo tu". Penalti moja nayo ni ndogo tu, dakika moja haifiki.

Kuna la fedha na watu pia. Stockfish ni kazi ya kujitolea ya watu wengi duniani, na kompyuta nyingi za wapenzi wake zinapima kila badiliko kwa maelfu ya michezo kabla halijakubaliwa. Upande wa pili kuna fundi mmoja, ana kazi yake ya mchana, injini anaitengeneza usiku baada ya watoto kulala. Ukisema "wote mnaruhusiwa kubadilisha wakati wowote", kwa maandishi umewatendea sawa. Kwa vitendo umempa ruhusa mwenye benchi refu.

Ligi Kuu ya England walibishana jambo hili hili. Mwaka 2020 ligi iliporudi baada ya kusimama kwa corona, timu ziliruhusiwa kubadilisha wachezaji watano badala ya watatu. Kanuni moja kwa wote. Lakini msimu uliofuata klabu zilipiga kura kurudi watatu, na moja ya hoja ilikuwa kwamba watano wanamfaa zaidi mwenye kikosi kipana. Watano walirudi msimu wa 2022/23, mwanzoni mwa msimu. Somo ninalolichukua mimi hapo ni hilo: badilisha mwanzo, usibadilishe katikati.

Kinachobaki ni kigumu kweli: hitilafu. Je, injini ikiwa inajizima yenyewe, tuiache hivyo hivyo mpaka mwisho?

Nikisema iachwe, unaharibu mashindano. Ule ushindi pekee wa Leela mwaka 2018 ulitokea baada ya mpinzani wake, Scorpio, kuzima mchezo ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Hapo Leela haikufunga, ilipewa mezani. Na zawadi kama hiyo haiwafikii wote. Anayekutana na mgonjwa siku ameanguka anapata pointi, anayekutana naye siku amesimama anapigwa.

Mpira umeshaonja hili. Juni 17, 2020, Aston Villa na Sheffield United, mechi ya kwanza ligi iliporudi. Kipa wa Villa alidaka mpira akaingia nao golini, dunia nzima imeona, saa ya refa haikulia. Teknolojia ya mstari wa goli ilishindwa kuona kwa sababu kamera zilizibwa na miili na nguzo. Mechi ikaisha 0-0. Mwisho wa msimu Villa walibaki ligi kuu kwa pointi moja, Bournemouth na Watford wakashuka.

Waliotengeneza mfumo waliomba radhi. Matokeo hayakubadilishwa. Na hakuna mwenye akili aliyesema mfumo usirekebishwe kwa sababu msimu umeshaanza. Hapo kuna somo: tengeneza kilichovunjika, lakini kilichopita kimepita.

Shida ni kwamba neno "hitilafu" ni mfuko mkubwa. Injini kujizima ni hitilafu. Injini kucheza vibaya mwisho wa mchezo, fundi naye ataiita hitilafu. Na akishafungua programu kurekebisha la kwanza, nani atamzuia asipitishe na la pili? Ni kama mchezaji anayeanguka kuomba matibabu, kumbe kocha anataka kumpa maelekezo. Daktari anaingia na begi, karatasi ya mbinu imo ndani.

Kwa hiyo msimamo wetu kwenye ukurasa huu ni huu.

Kwanza, kuwe na siku moja ya kufunga matoleo, ijulikane kabla, na iwe ya wote. Waandaaji wabaki na nakala ya kila injini kama ilivyofungwa. Hatua ikiisha, dirisha lifunguliwe tena kwa wote.

Pili, katikati ya hatua kirekebishwe tu kile kinachoifanya injini ishindwe kucheza kabisa: kujizima, kugoma kupokea kete, kusoma saa vibaya. Kucheza vibaya si ugonjwa. Kama straika wako anakosa magoli, hiyo ni kazi ya mazoezi ya msimu ujao.

Tatu, anayethibitisha hitilafu awe mwandaaji, asiwe fundi mwenyewe. Toleo lililorekebishwa lilinganishwe na lile lililofungwa, na badiliko litangazwe kwa washindani wote kabla mchezo unaofuata haujaanza. Kwa injini ambazo programu yake iko wazi, kama Stockfish na Leela, hilo ni rahisi, kila mtu anasoma. Kwa zile za biashara zilizofungwa, mwenye injini achague: amwonyeshe refa, au acheze na hitilafu yake.

Nne, pointi zilizopotea zisirudi. Ukizima mara moja umepoteza. Hiyo itawafanya mafundi wapime kazi zao nyumbani badala ya kuja kufanyia majaribio kwenye mashindano.

Na kwa mechi ya wawili, kama ile ya New York, mabadiliko kati ya michezo yaruhusiwe kama pande zote zimekubali, lakini kila upande upewe michezo ya mwenzake na kumbukumbu za mashine zikabidhiwe kwa refa siku hiyo hiyo. Kasparov angeweza kupigwa vile vile. Ila angepigwa akijua kapigwa na nini, na sisi tusingekuwa tunabishana mpaka leo.

Wapo watakaosema hizi ni kompyuta tu, haziumii, haki ya nini? Kompyuta haziumii kweli. Anayeumia ni yule fundi aliyekesha, na yule shabiki aliyekaa macho mpaka alfajiri akiamini anachokiona. Shabiki akishaanza kujiuliza kama injini iliyocheza jana ndiyo inayocheza leo, mashindano yamekwisha hata kama kombe bado linatolewa.

Na hili linakuja kwetu. Mpira wetu kila mwaka unaingiza programu mpya: za usajili, za tiketi, za VAR, za kuchora mstari wa kuotea. Siku moja mtu atataka kuapdeti kitu Alhamisi, dabi ikiwa Jumamosi, na atasema ni marekebisho madogo tu. Tumuulize maswali haya haya manne.

Yule dogo wa kibandani? Baada ya kubishana karibu saa nzima, aliyekuwa acheze naye fainali ndiye aliyemaliza ugomvi. Alisema na yeye hataki ushindi wa namna hiyo, watu wakaja kumwambia mtaani kwamba alibebwa na intaneti. Wakakubaliana wote wawili wachague timu mpya kabisa. Dogo akafungwa 2-1, akampa mwenzake mkono, akaondoka.

Mashindano yaliyofuata nilikuta kipande cha boksi kimebandikwa juu ya runinga, kimeandikwa kwa kalamu nene: "Intaneti inazimwa Ijumaa, inawashwa fainali ikiisha." Hakuna aliyegombana tena.